Birika la Shaba Nyumbani kwa Riikka

Kuusijoki, Pohjanmaa,
Ufini.
6 Oktoba 1931

Mpendwa mkwe wangu Martta,

Salamu zangu zikufikie wewe na wote waliomo humo ndani. Hujambo? Kalle mwanangu mgongo umepona, au bado anabeba magogo kama mtu aliyeahidiwa mgongo wa pili? Aune na Reino wanakula vizuri? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua mvua ikikaribia, na siku hizi mvua inakaribia kila siku. Viazi tumevitoa shambani kabla ya baridi kuvishika. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Mwandiko wangu unaujua, umeinama wote upande mmoja. Shule sikuingia. Mama alinifundisha herufi kwa kitabu cha kanisa, na hizo hizo ndizo ninazotumia mpaka leo. Kwa hiyo soma polepole, na usicheke.

Barua yako ilifika mwezi uliopita. Nimechelewa kujibu kwa makusudi, sababu utaiona mbele. Umeuliza mengi, lakini lililokukaa kooni nimeliona. Unataka kujua mama yako Riikka ataishije katika kijiji hiki baada ya alichokifanya ndugu yako, na kama umtumie tiketi ya meli aje kwenu Marekani.

Tena ukamaliza kwa kuandika, "Mama Loviisa, kama bado ninaruhusiwa kukuita hivyo." Hapo nilikasirika nikaiweka barua chini ya kopo la chumvi siku nzima. Lempi alikuwa mjukuu wangu na wewe ni mke wa mwanangu. Moja halifuti lingine. Upuuzi huo usiniandikie tena.

Habari yenyewe nitakueleza mara moja, kisha basi. Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, vijana wanacheza dansi kwenye ukumbi wao. Ndugu yako Voitto alikuja na bunduki yake ya kuwindia. Aliua watu sita, halafu akajiua mwenyewe. Lempi wetu alikuwa mlangoni, anauza limonadi. Wana wawili wa Sofia Ylinen nao walikuwemo katika hao sita. Wengine watatu ni wa ng'ambo ya mto, huwajui, walikuwa watoto ulipoondoka.

Umeuliza ni nani aliyempotosha. Polisi nao waliuliza hivyo hivyo. Walipekua nyumba ya mama yako mpaka ndani ya magodoro. Wakaja watu wa magazeti kutoka Helsinki, viatu vyao vyembamba, mmoja anataka awe alikuwa Mwekundu wa vita vile vya wenyewe kwa wenyewe, mwingine anataka awe Mweupe, wa tatu anatafuta msichana aliyemkataa. Hawakupata kitu. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyejua. Aliwaza peke yake, akaenda peke yake. Hata mimi nilitamani awepo mtu wa pili, ili hasira yangu ipate pa kukaa. Hayupo.

Ndugu yako alizikwa alfajiri, ndani ya ukuta wa kanisa, pembeni kule kaskazini. Tulikuwa mchungaji, mchimba kaburi, mama yako na mimi. Kahawa haikupikwa. Nilikwenda kwa ajili ya Riikka. Voitto sijamsamehe, na usiniombe.

Sasa nikuambie habari ya birika. Usije ukasema Marekani imekusahaulisha birika kubwa la shaba, lile la wanawake wa kijiji. Linakaa mwaka mmoja kila nyumba, kuanzia Jumapili ya Mikaeli hadi nyingine, na mwenye kulitunza ndiye anayepika na kumimina kahawa kwenye kila harusi na kila msiba wa mwaka huo. Mwaka huu lilikuwa kwa mama yako.

Umeona ilivyokuwa. Misiba sita, na birika liko kwa mama wa muuaji.

Riikka alilisugua kwa mchanga likang'aa, akaliweka nje ngazini, akafunga mlango na mapazia, ili anayelitaka alichukue bila kuonana naye. Hakuna aliyelichukua. Watu walipita barabarani wakitazama miti ya upande wa pili. Misiba mitano ikanyweshwa kahawa kwa birika la kuazima kijiji cha jirani, la chuma, kahawa ina ladha ya misumari. Mvua ikanyesha juu ya lile letu pale ngazini.

Msiba wa Lempi ulikuwa wa mwisho. Nilimwambia Antti mwanangu kwamba ninakwenda kwa Riikka. Aliendelea kupanga matawi ya msonobari ya msiba langoni. Nikaenda.

Mama yako alikuwa amekaa gizani, jiko limezimika. Nadhani alikuwa hajala kitu.

"Lichukue, Loviisa," akasema. "Nimelisugua."

"Nimeliona. Na atapika nani? Mimi, na goti hili?"

"Watanitemea mate."

"Anayetaka kutema atatemea sakafu yangu, na ufagio ninao. Vaa viatu."

Alivaa. Njiani tulilibeba sisi wawili, mkono huu na mkono huu, vikongwe wawili na birika. Ungetuona ungecheka.

Sitakudanganya kwamba mambo yalikwenda vizuri. Alipotoka jikoni na birika mikononi, nyumba tatu nzima ziliinuka zikaondoka na watoto wao. Sofia Ylinen hakuja kabisa. Mchungaji alinyoosha kikombe chake, lakini yule ni kazi yake. Nami nikanyoosha changu. Hilma, mama yake Lempi, alinyoosha chake kikapinda, kahawa ikamwagika juu ya kitambaa cheupe. Riikka alitaka kufuta, Hilma akasema, "Acha, endelea na wengine." Antti alifunika kikombe chake kwa kiganja. Riikka akampita.

Antti hakunywa hata tone, wala sikumlaumu. Ni binti yake. Ila watu walipotawanyika, aliliosha lile birika mwenyewe kisimani, akalitia begani akalirudisha kwa mama yako. Hakuingia. Lakini Riikka aliniambia kwamba Antti alifungua mlango akaliweka ndani, si ngazini.

Tangu hapo mama yako anakula. Anakuja kwangu Jumamosi kuoga mvuke, tunakaa tunalalamikia magoti. Mama mmoja dukani anampa kisogo, mwingine anampa mkate. Lakini alikuwa ameniambia hivi: "Jumapili ya Mikaeli zamu ni ya Ylinen. Sofia asipokuja kulipokea, mwandikie Martta alete tiketi." Na desturi ni hiyo, mpokeaji ndiye anayekwenda mwenyewe, hatumi mtu. Ndiyo maana barua yako ilingoja. Sikutaka nikujibu kwa kubahatisha.

Jumapili yenyewe ilikuwa juzi. Niliporudi kutoka kanisani nikakaa kwenye dirisha langu linalotazama lango la Riikka, na soksi ya kufuma, nikafuma mstari ule ule, nikaufumua, nikaufuma tena. Dirisha nililifungua ijapokuwa kulikuwa na baridi. Haya, mimi ni mbea, unanijua.

Sofia alikuja na shela yake nyeusi. Amekonda, Martta, nguo zinamning'inia. Alisimama langoni kwa mama yako, na mkono wake uko juu ya lango kama anayetaka kulifungua au kulizuia, sikujua. Riikka akatoka na birika, akaenda nalo mpaka hapo. Sofia akalitazama nje, akalitazama ndani, kama tunavyofanya sote, maana kila mmoja wetu huamini jirani yake hajui kusugua.

Kisha akasema, "Kifuniko kiko wapi?"

Mama yako alikuwa amekisahau rafuni. Akageuka kukifuata. Mimi nilidhani Sofia atangoja pale langoni. Hakungoja. Alifungua lango akamfuata nyuma, akapanda ngazi, mlango ukafungwa.

Hakukaa sana. Riikka ananiambia alikaa kwenye benchi akaomba maji, akapewa, akanywa, akarudisha kikombe. Akatoka na birika na kifuniko chake, akashika njia ya kwao bila kugeuka nyuma.

Kwa hiyo tiketi usilete. Nilimuuliza mama yako jana, nimwandikie Martta nini? Akafikiri. Akasema anahesabu nyumba za kijiji, na zamu yake itarudi baada ya miaka kumi na moja, na wakati huo atakuwa mzee zaidi hawezi kulibeba peke yake, hivyo anataka kujua nani atamshikia mkono wa pili wa birika. Mimi nitakuwa nimeshakufa, namshukuru Mungu.

Aune atakuwa msichana mkubwa. Mfundishe kupika kahawa. Lakini ngoja, asijifunze kwako. Kahawa yako ilikuwa maji ya kuoshea vikombe. Mlete kiangazi, ajifunze kwa bibi yake.

Antti na Hilma wanakusalimu. Ndiyo, Antti pia, nilimuuliza akatikisa kichwa kukubali. Msalimie Kalle, mwambie avae flana mgongoni. Wabusu Aune na Reino. Mungu awalaze salama, awaamshe wote, asisahau hata mmoja.

Ni mimi mama yako, tena nimekuruhusu, akupendaye siku zote,
Loviisa