Kabla Hujalikodisha Shamba la Soya

Baba Athieno,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hadharani, wanaokufahamu huko Busia upande wa Kenya wakusomee. Nimesikia kwamba mwezi huu unakuja huku Mulanda, Uganda, na mtu wa miwa, umkodishie shamba letu la soya. Shamba ni la ukoo wako, hilo silibishi. Lakini kuna jambo ulianza kulijua ukiwa hapa, ukaondoka kabla halijaisha.

Unaukumbuka msimu wetu wa kwanza? Majani yalikuwa ya njano shamba zima. Uling'oa mche, ukaona mizizi imejaa vifundo, ukasema, "Hii ni ugonjwa. Inakula shamba." Mimi nilikuwa kazini, ofisi ya kilimo. Niliporudi nilikukuta umekaa udongoni, unabandua vifundo kimoja kimoja kama mtu anayetoa ng'ombe kupe, kisha unaurudisha mche ardhini kwa upole. Ulikuwa umemaliza mstari mzima. Nilicheka mpaka nikakaa chini, ukanuna. Siku ile nilikupenda kuliko siku ya harusi.

Nikakueleza habari za bakteria. Hewa tunayovuta sehemu yake kubwa ni naitrojeni, ila mmea hauwezi kuitumia hivyo hivyo, maana chembe zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu. Viwandani huzitenganisha kwa joto kali na mgandamizo mkubwa. Bakteria waliomo kwenye vifundo huzitenganisha humu humu kwenye udongo wa Mulanda, bila moto, kwa kimeng'enya chao, yaani protini inayofanya kazi hiyo. Mmea unawalipa sukari.

"Sasa kama mmea nawalipa, mbona majani iko njano?" ukauliza. Swali zuri.

Nikapasua kifundo kwa ukucha. Ndani kilikuwa cheupe. Kinachofanya kazi huwa chekundu, kwa sababu mmea hutengeneza kitu kama damu yetu, chenye chuma, cha kuishika oksijeni isikiharibu kimeng'enya. Na kimeng'enya chenyewe hakiwezi lolote peke yake. Kinataka chuma na salfa, na kinataka molibdeni, madini ambayo shamba kama letu linahitaji kiasi cha kiganja tu. Hapo madini hayo yanapokutana ndani ya kimeng'enya ndipo naitrojeni inapokamatwa na kuvunjwa. Udongo wetu una uchachu. Molibdeni imo, lakini udongo umeing'ang'ania na mizizi haiipati. Dawa yake ni chokaa ya shamba, inayopunguza uchachu.

"Mimi nakwenda Tororo, naleta hiyo chokaa," ukasema. Ukaileta kwa baiskeli, ukarudi mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, na watu wa senta, pale madukani, wakakukimbia kwa utani. Kisha biashara ya mahindi ikakuvusha mpaka, hukuona chokaa ilifanya nini. Chokaa haina haraka.

Ilifanya kazi. Nikipasua vifundo sasa, ndani ni vyekundu. Soya inazaa, na mahindi yanayoifuata yanakuta chakula ardhini bila mimi kwenda dukani kununua mbolea. Ni shamba hilo hilo linalotulisha mimi na mama yako. Miwa ikiingia itakaa miaka, na pesa ya kukodisha utaipokea wewe huko uliko.

Machozi ya kukuandikia sina, yaliisha. Hasira ninayo kidogo. Siku nyingine nakukumbuka tu, hasa ninapopalilia peke yangu.

Mvua ilianza wiki iliyopita. Mama yako aliniuliza kama tukusubiri. Nikamwambia aamue yeye, shamba ni la mwanawe.

"Sisi nakula miwa?" akasema. "Lete mbegu."

Tumepanda shamba lote. Mistari ya upande wa barabara, pale trekta litakapoingilia, ameipanda mama yako kwa mkono wake, huku akipumzika kila baada ya hatua chache. Ukija na mtu wako, muanze kulima hapo.

Uvuke mpaka salama,

Mama Athieno,
mkeo wa Mulanda