Kichupa Kilikuwa Baridi

Shangazi Masouda, nakubusu mkono.

Masikioni mwangu umebaki mlio mmoja: tii, tii, tii, kisha kimya. Ilikuwa sikukuu ya pili ya Idi, wageni wamejaa kwa Ami Jaifar hapa Qurum, na kengele ya friji ya chanjo za mifugo anazouza ikalia ghalani, uani. Ami akaenda kuizima. "Wageni wale kwa mkono mmoja, wa pili wazibe masikio?" Tukacheka, hata mimi. Nilidhani ameitazama na friji.

Halwa umeipata? Goti linaendeleaje?

Juzi nilisoma kumbukumbu za kipimajoto. Ghala lilikosa umeme mpaka kesho yake, na chanjo ya kuwakinga ng'ombe na mapele ya ngozi yanayoenezwa na inzi wanaouma ikafika nyuzijoto ishirini na sita. Haifai tena. Nikamwonesha Ami. Akanitia kichupa mkononi.

"Hichi si baridi? Mwanangu, kusoma kwingi kutakutia wazimu. Kesho chanjo inakwenda Qurayyat."

Kilikuwa baridi kweli, maana umeme ulisharudi. Ndicho kinachonitisha: mfugaji naye atakishika, ataamini, na inzi wakija ng'ombe wake hawana kinga.

Ami ndiye aliyenisomesha.

Jana asubuhi, kabla gari halijaondoka, nilimpelekea daktari wa mifugo wa Qurayyat kumbukumbu zote, kwa jina langu. Amekataa kupokea hata chupa moja. Ami atakupigia kabla barua hii haijafika. Atakalokwambia ni kweli: ni mimi.

Mwanao,
Jawaher