Kusoma kwa Mdomo

Jumatatu, 3 Mei 1909

Nimeahidi mbele ya Mungu kuandika yote humu, hata yatakayonitia aibu. Daftari hili alinipa Sista wa zamani kabla ya kurudi kwao Ulaya. Yeye ndiye aliyenifundisha herufi.

Leo tumevuna mahindi ya misheni tangu kengele ya kwanza. Mgongo unauma. Mchana tukasoma. Hapana, si kweli. Tumekariri.

Huku kwetu anayejiandaa kubatizwa husemwa anasoma. Sista mpya, aliyechukua nafasi yake, alijifunza Kiswahili kwa watu wasemao hivyo. Kwake kusoma ni kujibu katekisimu kwa sauti, basi. Vibao vya kuandikia vimefungiwa kabatini tangu Krismasi ya 1906, kabla wenzangu hawajafika. Wenzangu wote, hata Paulina, hawajui herufi moja.

Jana mjomba wake Paulina alikuja kutoka Hanga. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia bila kututazama. Alimwambia Paulina aandike jina lake mwenyewe mchangani. Paulina akasimama tu. Mjomba akasema, "Miaka miwili unalima shamba la watu. Jembe nyumbani lipo." Atarudi kumchukua Jumapili ya tarehe kumi na sita.

Jumatano, 5 Mei

Paulina hali chakula. Baba yake hakurudi kutoka vitani. Mwaka wa njaa uliofuata, mama yake alimleta hapa kwa neno moja: atasoma. Akirudi mikono mitupu, mama atakuwa amedanganywa.

Mlangoni pa darasa kuna sheria. Mwandiko ni wangu, nilinakili mwenyewe: Wasichana watalima asubuhi. Misheni itawasomesha mchana. Sehemu yetu tunaitimiza. Ya pili je?

Aibu yangu ni hii. Nimelijua jambo hili siku zote nikanyamaza, kwa sababu mimi tayari najua kuandika.

Alhamisi, 6 Mei

Wasichana walitaka kesho tusiende shambani. Nimekataa. Tukiacha jembe, tutaambiwa wavivu na neno letu litaishia hapo. Tumekubaliana kuvuna hadi mstari wa mwisho, ndipo niseme. Mwenzetu Benedikta akanitania, "Ukifukuzwa, mama, usisahau kutuachia blanketi." Sikucheka. Naogopa kufukuzwa. Sina pa kwenda.

Ijumaa, 7 Mei

Nimesema!

Shamba tulilimaliza kabla ya kengele. Hata punje za chini tuliokota. Darasani nilisimama nikamwomba Sista vibao. Nikamwonyesha sheria ya mlangoni. Alishangaa, wala hakukasirika. Akasema tunasoma kila siku, na Paulina anasoma kuliko wote. Akampa kitabu cha katekisimu asome tusikie.

Paulina akakishika kichwa chini, miguu juu. Akasoma ukurasa mzima bila kukosea neno. Akafunua karatasi, akaendelea vizuri sana. Nyuma mtu akacheka. Benedikta akanong'ona, "Geuza, padre mdogo." Paulina akageuza karatasi, si kitabu.

Sikupanga hivyo. Naapa. Nilitamani nimnyang'anye kitabu.

Sista alikwenda akakigeuza yeye mwenyewe, polepole. Akaweka kidole juu ya neno moja, akamwuliza ni neno gani. Paulina akasema hajui. Akamwuliza Benedikta. Hajui. Akazunguka darasa zima na kidole chake. Uso wake ukawa mwekundu hadi shingoni. Nikamweleza kuwa kuna kusoma kwa mdomo na kuna kusoma kwa macho, na mama zetu waliahidiwa yote mawili.

Kisha akasema mbele yetu sote, "Sheria ya mlangoni, mimi nimevunja. Ninyi hapana."

Akatoa ufunguo. Vibao vilikuwa na vumbi. Tulivifuta kwa nguo zetu wenyewe. Nina furaha.

Jumatano, 12 Mei

Mchana wote ni herufi. Sista amenipa wajibu: anayejua amfundishe asiyejua. Nina wasichana sita. Benedikta anaandika b zake zikitazama nyuma na anadai ndizo nzuri zaidi. Sista ameniambia niongeze mstari mlangoni: Kusoma kwa macho. Nimeuandika kwa herufi kubwa.

Asubuhi tunavuna tukiimba. Hakuna aliyetuamuru.

Jumapili, 16 Mei

Mjomba alifika baada ya misa. Paulina akachuchumaa, akaandika jina lake mchangani, herufi saba, bila kuniangalia. Mjomba alizunguka akaliangalia kutoka upande wa pili. Akauliza kama hilo ni yeye kweli. Paulina akaitikia kuwa ndiye. Mjomba akakaa chini, akasema jembe litangoja.

Paulina amebaki.

Mjomba ameondoka na barua ya kumpelekea mama yake Paulina. Niliiandika mimi, jina Paulina ameweka mwenyewe. Jioni hii misheni imetulia. Nainakili hapa kwa sababu ni fupi, na kwa sababu mjomba ameahidi kuja na jibu akirudi:

Mama, anayekusomea haya ni nani? Au nije nikufundishe kusoma mwenyewe?