Mbao za Bodi la Lori

Jumatatu, 5 Mei

Maharage yapo jikoni tangu asubuhi. Kapteni kaja tena, mara ya tatu hii. Binti mdogo, kwa umri ningeweza kumzaa. Ametumwa kukusanya historia ya kikosi chetu cha huduma: madereva, mafundi, wapishi, watu wa maji. Wale ambao vitabu huwaruka. Usione vyaelea, vyaundwa.

Nimeandika "chetu" kwa sababu nilikuwemo. Koplo Zuhura, jikoni, mpaka nilipostaafu.

Kakaa barazani na Baba Asha. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akatoka na usajini. Leo kavaa kofia ambayo hata Idi hakuivaa. Yeye anasimulia, binti anarekodi kwa simu. Mimi napeleka chai.

"Shikamoo, mama. Chai yako tamu sana."

Marahaba. Basi, yakaishia hapo. Hakuniuliza kitu, na Baba Asha hakumwambia kitu. Nimerudi jikoni roho inaniuma. Niandike wazi: ni wivu. Namwonea wivu mume wangu mwenyewe.

Jumatano, 7 Mei

Leo Baba Asha kasimulia habari ya bodi la lori.

Nilikuwa nyuma ya pazia nakaanga vitumbua. Nilisikia kila neno.

Mambo yalikuwa hivi. Masika yale tulikuwa milimani, juu ya Matombo, vijana wa uhandisi wanatengeneza daraja. Mvua ikakata barabara mbele na nyuma. Mafuta ya taa yakaisha. Kuni zote zimelowa mpaka kiini. Mchele na maharage vimejaa kwenye lori, moto hakuna. Vijana wakaanza kutafuna mchele mbichi. Mpishi ukiona askari wako wanatafuna mchele mbichi, unajisikia umevuliwa nguo. Nikachukua shoka, nikapanda kwenye lori, nikavunja mbao za bodi. Zilikuwa kavu, zimefunikwa turubai. Nikawasha moto. Kikosi kizima kikala wali wa moto, kesho yake wakarudi darajani.

Hayo niliyafanya mimi. Kwa mikono hii.

Leo namsikia Baba Asha: "Nikasema liwalo na liwe, nikashika shoka."

Binti akasema, "Duh, mzee!"

Vitumbua vimeungua. Vilivyoungua nimekula mwenyewe.

Ijumaa, 9 Mei

Siku mbili nimemnunia, hajagundua. Leo wakati wa kula nimemuuliza.

"Baba Asha, shoka alishika nani?"

Alimaliza tonge lake kwanza. "Na mahabusu alilala nani, mama Asha?"

Kweli tupu. Lori lilikuwa mikononi mwake. Mkuu alipofika akakuta limebaki mbavu, akauliza nani kaharibu mali ya jeshi. Kabla sijafungua mdomo, Baba Asha alishatoka mbele ya safu. Wakamsweka ndani. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula mlangoni. Mwaka uliofuata tukaoana.

Kwa hiyo yeye anaona kisa ni chake, kakilipia. Mimi naona kulipia ni kitu kimoja na kutenda ni kingine. Wivu haujapungua. Umezidi, maana sasa hata kukasirika sikasiriki vizuri.

Jumapili, 11 Mei

Kadi imeletwa. Sherehe ya kikosi Jumamosi, na historia itasomwa mbele ya watu.

"Sajini Mstaafu Mohamedi na mkewe."

Na mkewe. Nimeisoma nimesimama. Nikakaa, nikaisoma tena. Ikawa ile ile.

Wake wa wastaafu wana kundi lao kwenye simu. Mwenyekiti kaagiza sote tushone sare, kitenge cha njano chenye maua ya kijani. Nimeshuka mjini, dukani kwa Mhindi, nimenunua. Kitambaa kizuri, sina ugomvi nacho. Ila mimi sare niliyoizoea nilikuwa naipiga pasi mpaka mkunjo wa suruali ukate nzi. Sasa nashonewa sare ya wake.

Ningeweza kumpigia Kapteni nikamwambia mwenyewe. Sitaki. Nikisema mimi, nitakuwa bibi kizee anayemgombania mumewe sifa. Nataka aseme Baba Asha. Yeye ndiye aliyeniona na shoka mkononi.

Jumanne, 13 Mei

Anafanya mazoezi ya gwaride uani. Goti linamlilia. Akifika kwenye nyuma geuka anayumba, anashika kamba ya nguo. Majirani wanamshangilia ukutani. Mtaa wetu huu wa Mwembesongo, mtu akikohoa tu anapata watazamaji.

Mimi naona makosa yote. Mkono unapanda mno, kidevu kimelegea. Nilikuwa nageuka vizuri kuliko yeye. Mwalimu wa gwaride alishasema hivyo mbele ya wote, na Baba Asha alikuwepo.

Nimemtilia pilipili nyingi kwenye mchuzi, kwa makusudi. Kala wote. Kasema leo mchuzi umekolea.

Hata kisasi kimenishinda.

Jumamosi, 17 Mei

Nimechoka, ila nisipoandika leo sitaandika kabisa.

Wastaafu walikaa upande mmoja na suti zao na medali. Wake tukawekwa kwenye hema upande wa pili, wote njano, kama ndizi za Mkuyuni zilizoiva siku moja. Tukapewa soda.

Kapteni akasoma. Madereva, kurasa na kurasa. Mafundi pia. Wapishi: "nao walitoa mchango wao". Nukta. Kisha akasoma kisa cha lori, shoka la Sajini Mohamedi, na makofi yakapigwa. Jirani yangu hemani akanigusa bega, akaniambia nina bahati na mume. Nikamwambia ndiyo.

Nilimtazama Baba Asha. Hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Kisha wastaafu wakaitwa kupanga safu uwanjani, wametuelekea sisi. Sajini meja wa zamani, mzee kabisa, anatembelea fimbo, ila sauti yake haijastaafu.

"Kikosi! Kikosi, mguu sawa!"

Mimi nikasimama.

Sikukusudia. Wallahi sikukusudia. Mwili ulinyanyuka wenyewe, visigino vikagongana, mikono ikashuka ubavuni, kidevu juu. Soda ikamwagika kwenye kitenge changu na cha jirani. Hema zima likaangua kicheko. Mmoja akasema, "Jamani, mama kapandwa na pepo." Mwingine akanivuta nguo, "Kaa, dada, kaa."

Nitakaaje? Amri haijatoka. Ukishaitwa mguu sawa husogei mpaka uambiwe mguu pande, na yule mzee alikuwa na hotuba ndefu. Soda inanichuruzika mguuni, wanawake wanacheka, nami nimekaza macho mbele. Mbele yangu, upande wa pili wa uwanja, alikuwa Baba Asha. Tukatazamana muda wote ule. Jasho lilikuwa linamtoka.

Ilipotoka mguu pande, mguu wangu na wake ilikwenda pamoja. Nikakaa. Nilitamani ardhi inimeze.



Jumapili, 18 Mei

Asubuhi mawingu yalikuwa yamefunika mlima wote. Nimeloweka kitenge. Madoa ya soda yanatoka.

Baba Asha alikunywa chai. Akaweka kikombe chini. "Jana mguu wako wa kushoto ulichelewa."

"Haukuchelewa."

"Kidogo."

Miaka mingi hajanikosoa gwaride. Mpishi wa nyumbani hakosolewi gwaride, anayekosolewa ni askari. Nikageuza uso asiyaone macho yangu.

Akachukua simu, akampigia Kapteni. Akaweka sauti ya nje ili nisikie. Hakuzunguka. "Afande, pale kwenye lori nimekudanganya. Bodi alivunja mke wangu, Koplo Zuhura wa jikoni. Mimi nilimkataza. Nilimng'ang'ania mpini wa shoka, akanishinda nguvu."

Binti akasema, "Mzee, nipe Koplo."

Hakusema mama. Nikapokea simu, Baba Asha akatoka uani.

Nilimweleza yote, mvua, kuni, mchele mbichi, jinsi mbao zile zilivyowaka. Aliuliza maswali mengi na mimi nilikuwa na majibu. Mwisho akataka kujua mzee wangu amweke wapi kwenye kisa. Amtoe tu?

Kwa wiki mbili hilo ndilo nililolitaka. Nilichungulia dirishani. Alikuwa kakaa kwenye kigoda anamenya viazi, kwa shida, nusu ya kiazi inaondoka na ganda.

"Usimtoe," nikasema. "Mahabusu alilala yeye. Kosa lilikuwa langu. Andika na hilo."

Kisha nikaenda kukaa naye. Sikumnyang'anya kisu.