Nyota Yenye Mguu Mfupi

Kibanda cha Mihuri,
Nyuma ya Posta.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko ugenini? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima. Jicho langu la kushoto limeamua kustaafu kabla yangu, lakini bado nachonga mihuri, na wateja kwa upole wao hawajagundua.

Picha ya gari lako imefika. Naona umeegemea mlango ili mkwaruzo usionekane. Mimi ni kaka yako, hunidanganyi.

Sasa habari yenyewe. Mpwa wetu mshonaji amepata kazi huko huko uliko, kiwanda cha nguo. Wakala wake tunamwita Bwana Tai, maana hata jua la saa nane halimvui tai. Viza aliyomletea ni ya matembezi, miezi mitatu. Nikamuuliza mbona si ya kazi. Akasema kibali hushughulikiwa mtu akishafika. Na kiwanda kikikataa je? Akatabasamu. Wewe, mdogo wangu, uliingia hivyo? Nakumbuka ulikisubiri kibali chako miezi saba humu humu nyumbani, ukitumalizia sukari.

Dada, mama yake, anasema nina roho mbaya. Binti mwenyewe anasema ni wivu, kwa kuwa safari yangu ndefu ni ya kutoka kibandani hadi nyumbani. Hapo hakukosea.

Jana aliniletea mkataba nimsomee. Chini kuna muhuri wa kiwanda: nyota ndani ya duara, mguu wake mmoja mfupi. Nikavua miwani, nikaipangusa, nikaivaa tena. Mguu ule niliukata mimi mwezi uliopita, kisu kilipoteleza. Mteja alisema muhuri ni wa klabu ya mpira. Aliondoka haraka, nami nikashukuru hakuona kosa.

Unajua kila muhuri huugonga kwanza kwenye daftari langu. Nikalifungua, nikauweka mkataba pembeni yake. Binti akaitazama nyota ya daftari, kisha ya mkataba, tena na tena.

"Mjomba, labda na wao wana fundi mbovu kama wewe."

"Labda. Lakini wawili kama mimi?"

Hakucheka. Safari ni Jumapili, na kazini ameshaaga. Amekubali kusubiri jibu lako, si langu. Tafadhali nenda kwenye anwani niliyoandika nyuma ya karatasi hii, uone kwa macho kama pana kiwanda. Usipige namba ya kwenye mkataba. Huenda akapokea Bwana Tai.

Barua hii ataipiga picha binti mwenyewe akutumie kwa simu leo, kwa hiyo najua anaisoma. Soma, mwanangu, sijaficha kitu.

Miaka yote nimeuonea haya mkono huu unaoteleza. Asipopanda ndege Jumapili, sitauombea radhi tena.

Msalimie shemeji, na umbusu kitindamimba. Dada anakusalimu, ingawa mimi hajanisemesha tangu jana. Mungu akulinde barabarani, wewe na mlango wako.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye pamoja na mkwaruzo,

Fundi Mihuri