Wageni Ishirini na Sita, na Orodha Ni Ile Ile

Wifi zangu,

Nimekwenda sokoni kuchukua trei tatu za mayai. Viazi vimeshachemka, vimenyeni vikipoa. Mkate usikatwe mpaka nirudi. ~~Chai ya maziwa pikeni nyinyi.~~ Hapana, chai naipika mwenyewe.

Asubuhi nilikuwa stoo natafuta sufuria kubwa, nikawasikia mkisema, "Huyu atatuaibisha sikukuu yote, bora tuagize chakula hotelini." Nilipotoka nikakuta orodha yangu ya vyakula imefinyangwa, iko kwenye ndoo ya taka. Nililia kidogo, sifichi. Kisha nikainyoosha, nikaibandika tena kwenye mlango wa friji. Msiiguse.

Saa tano wageni wote ishirini na sita watakula nilichopanga: mayai, viazi, maharage, mkate na matunda. Kaka yenu nimeshamwambia asiagize kitu.

Ni kweli mwaka jana niliunguza mayai. Basi mkubwa wenu asimame nami jikoni, anionyeshe kiasi cha moto kwa mayai mengi hivyo. Kufundishwa sioni aibu. Kutolewa jikoni kwangu, hapo tutagombana.

Mapapai yako kwenye beseni. Anzeni kukata, nakuja.

Wifi yenu