Wateja wa Muhali

Jumatano. Mvua na jua kwa pamoja tangu asubuhi. Mtaa mzima unaanua karafuu, unaanika, unaanua tena. Kichwani mwangu hali ni hiyo hiyo.

Nafundisha masoko katika chuo kidogo hapa Wete. Wiki hii somo letu ni wateja walengwa: kabla hujauza kitu, ujue unamuuzia nani na kwa nini atakitaka. Kitabuni ni somo jepesi. Darasani niliuliza mteja wa muuza pweza ni nani, nikajibiwa: kila mwenye meno. Nikasema huwezi kumlenga kila mtu. Kijana wa nyuma akanijibu kwa adabu kabisa kwamba riziki anagawa Mungu, sisi tutaichagulia vipi mlango wa kuingilia? Nikafuta ubao ingawa ulikuwa safi.

Basi nikawapa kazi ya nje. Kila mmoja atafute biashara ndogo karibu na anapokaa, awaulize wanunuzi kwa nini wananunua pale, aje atueleze. Nilijiona mjanja. Laiti ningewaachia pweza wao.

Leo alisimama Rukia. Huyu ni mtoto wa kijiji cha Msuka, amekuja mjini kusoma na anakaa kwa shangazi yake, mtaa wa pili kutoka kwetu. Ana akili kali na sauti ya kusikika hadi barabarani. Alisema amemchagua bibi mmoja muuza vitumbua jirani na msikiti, na wanunuzi wake amewagawa mafungu matatu: wanafunzi, wanaowahi kazini, na fungu la tatu ambalo ndilo kubwa kuliko yote.

"Wenye muhali, Mwalimu."

Darasa lilicheka, kisha likanyamaza ghafla. Wanafunzi wa mjini wakaanza kutazama madaftari yao.

Rukia akaendelea. Vile vitumbua, alisema, siku hizi ni vigumu na havijaumuka, na wanaovinunua wenyewe wamekiri. Lakini utampitaje bibi wa watu, unayeamkiana naye kila asubuhi, aliyekupikia kwenye harusi yako na kukaa nawe msibani? Huwezi, unaona haya kumkatalia. Unanunua, unashukuru, unakwenda zako. Jirani mmoja amemwambia kwamba vyake huwamwagia kuku. Kwa hiyo, akamalizia Rukia kwa furaha, soko liko wazi. Akija mtu na vitumbua laini pale pale, wateja wapo, na yeye anafikiria kuanza.

Bibi huyo ni mama yangu.

Rukia hakujua, naapa hakujua. Wenzake walijua, ndiyo maana walinyamaza. Nikampongeza. Nikampa alama za juu kuliko wote kwa sababu alizistahili. Nimewafundisha mwenyewe kwamba mteja husikilizwa, hata akisema yasiyopendeza. Sikufundisha la kufanya anaposema kwa kila mtu isipokuwa muuzaji.

Nimerudi nyumbani na hasira, sijui za nani. Za Rukia? Za majirani? Jirani wa kuku namjua, ni Bi Fatma wa nyumba ya nyuma. Wiki nzima nimekuwa nikiona vipande vyeupe uani kwake, nikidhani ni nazi.

Mama alikuwa ameniwekea viwili kwenye kisahani, kama kila siku. Nikala. Nilikuwa sijawahi kuvila hivyo, kwa ulimi wa mteja. Ni vigumu kweli. Zamani mama alikuwa akiroweka mchele, akausaga, akaupiga kwa mkono mpaka unafanya povu. Sasa viganja vinamuuma, ananunua unga wa dukani na kuukoroga kidogo tu. Akaniuliza kama vitamu.

"Vitamu, mama."

Basi na mimi nimo katika fungu la tatu.

Nilitaka kusema. Nilikuwa nishafungua mdomo. Akanitangulia yeye, huku akijisugua viganja kwa mafuta.

"Mie nshachoka, mwanangu. Ingekuwa hiari yangu ningeacha hata leo. Lakini wateja wangu wano ntawaambiaje? Fatma huyo kila asubuhi yuaja mwenyewe, hakosi. Naona muhali."

Nilibaki na kitumbua mkononi. Yeye anapika kwa muhali wao, wao wananunua kwa muhali wake, na katikati viganja vyake vinazidi kuvimba. Hakuna anayetaka biashara hii, na bado inakwenda. Sura ya kitabu changu yenye jambo hili sijaiona.

Hapo hapo Bi Fatma akaita kutoka uani kwake. "Bi Mize! Kesho niwekee kama kawaida, usinisahau!"

"Haya mwanangu, Inshallah," mama akaitika kwa sauti tamu kabisa. Kisha akashusha pumzi na kunyanyuka kwenda kutazama kama unga umebaki.

Anayejua pande zote mbili ni mimi peke yangu. Nikimwambia mama, nitampumzisha viganja na kumvunja moyo. Nikimwambia Bi Fatma, ataona haya mpaka siku ya kufa. Na Rukia je? Labda yeye ndiye wa kurithi kile chuma cha kupikia vitumbua, mama akiwa amekaa kitini akimwelekeza. Labda. Lakini ni lazima mtu aanze kusema, na ninavyojiona mimi, sijui kama nitaweza.

Nimechungulia dirishani sasa hivi. Kuku wa Bi Fatma wamekidonoa kitumbua mara moja, wakakiacha, wakaenda kuparura udongo. Katika mtaa huu mzima ni wao tu waliosema kweli.

Kesho kabla mama hajabandika chuma, nitajaribu kuwa mkweli angalau kama kuku.